UKURASA MMOJA, VIVINJARI VINGI
Somo kwa Makatibu, Wajumbe wa Kamati na Wanachama wa Vyama vya Msingi

Madhumuni ya somo

Msimu wa kahawa unapofunguliwa, katibu wa chama cha msingi huwa na mizani mbele yake, kitabu cha stakabadhi mkononi na simu mfukoni. Zamani taarifa ya chama ilisafiri kwa basi kutoka Nshamba au Kamachumu hadi Bukoba mjini, ikiwa imefungwa ndani ya bahasha. Siku hizi sehemu kubwa ya taarifa hupita katika mtandao. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaojulikana kwa kifupi kama MUVU. Minada ya kahawa nayo imeanza kuendeshwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania. Tena kila chama, kikubwa kwa kidogo, chaweza leo kumwita fundi na kumwagiza tovuti yake chenyewe.

Katika mabadiliko hayo limezuka tatizo ambalo wengi huliona bila kulijua jina. Ukurasa uleule unafunguka vizuri kwenye kompyuta ya mhasibu, lakini kwenye simu ya mwenyekiti maandishi yanapandana, na kwenye simu ya mwanachama kitufe cha kutuma hakionekani kabisa. Mwanachama hudhani simu yake ni mbovu, au yeye mwenyewe hajui kusoma. Mara nyingi kosa haliko kwake, bali kwa aliyeutengeneza ukurasa.

Somo hili lina madhumuni matatu: kueleza chanzo cha tofauti hizo, kuonyesha hasara inayoweza kukipata chama, na kutaja masharti ambayo chama hakina budi kumpa fundi kabla ya kumlipa.

1. Kivinjari ni nini

Kivinjari ni programu iliyomo ndani ya simu au kompyuta, ambayo kazi yake ni kuleta kurasa za mtandao na kuzionyesha. Chrome, Firefox, Safari, Edge na Opera Mini ni vivinjari. Watu wengi huviita vyote kwa jina moja la "intaneti", lakini kufanya hivyo ni sawa na kuziita mizani zote "kilo".

Ukurasa hausafiri kama picha iliyokwisha kuchorwa. Husafiri kama waraka wenye maagizo. Maagizo ya aina ya kwanza, yaitwayo HTML, husema hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hili ni sanduku la kujaza. Ya aina ya pili, yaitwayo CSS, hueleza rangi, upana na mpangilio. Ya aina ya tatu ni programu ndogondogo, zinazoandikwa aghalabu kwa lugha ya JavaScript, zinazofanya ukurasa utende kazi, kama vile kujumlisha kilo mara tu zinapoandikwa.

Ifikiriwe kwamba chama kikuu kimepeleka waraka mmoja kwa makatibu watano, na kila katibu anausoma mkutanoni. Maneno ni yaleyale. Lakini mmoja husoma haraka, mwingine huruka neno asilolielewa, na wa tatu, kwa kuwa waraka ni mrefu, hutoa muhtasari tu. Wanachama wa vyama vitano watarudi nyumbani na habari zisizolingana sawasawa. Vivinjari hufanya vivyo hivyo. Kivinjari kikikutana na agizo kisilolijua, kwa kawaida hakisimami wala hakilalamiki. Hulipita kimyakimya, na kimya hicho ndicho chenye hatari.

Opera Mini, ambayo Wanorwe waliieneza ulimwenguni mwaka 2006, ina tabia ya pekee inayofaa kufahamika. Inapotumika kwa namna ya kubana matumizi ya bando, simu haiuleti ukurasa moja kwa moja. Kompyuta za kampuni huko mbali huufungua kwanza, huukamua ukawa mwepesi, kisha hupeleka matokeo kwenye simu. Kwa njia hiyo mwanachama mwenye bando dogo huweza kusoma mengi. Lakini programu ndogondogo za ukurasa hazifanyi kazi kikamilifu, kwa hiyo kitufe kinachozitegemea chaweza kubaki pambo tu.

2. Tofauti hizi zilianzia wapi

Mtandao wa kurasa ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN, karibu na Geneva. Alitoa pendekezo lake mwaka 1989, na kufikia mwisho wa mwaka 1990 alikuwa ametengeneza kivinjari cha kwanza. Nia yake ilikuwa kwamba mtu asome hati bila kujali aina ya kompyuta aliyo nayo. Kwa maneno mengine, suala la ukurasa kusomeka kila mahali lilikuwamo tangu msingi ulipochimbwa.

Mwaka 1993 ulitoka Mosaic, kivinjari cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Netscape Navigator kilifuata mwaka 1994, na Internet Explorer cha kampuni ya Microsoft mwaka 1995. Kampuni hizi mbili za mwisho zilianza kushindana. Kila moja ilibuni maagizo yake yenyewe ambayo mwenzake hakuyajua, na mafundi wakawa wanabandika kwenye kurasa tangazo la kumtaka msomaji atumie kivinjari fulani.

Microsoft ilishinda. Toleo la sita la Internet Explorer lilitoka mwaka 2001, na toleo la saba halikuja hadi mwaka 2006. Kwa muda wa miaka mitano kivinjari kimoja kilitawala karibu ulimwengu mzima, na mafundi wengi walijenga wakikitazama hicho tu. Baadaye kulikuja Safari mwaka 2003, Firefox mwaka 2004 na Chrome mwaka 2008, na nyumba zilizojengwa kwa kipimo kibovu zikaanza kuonyesha nyufa.

Korea ya Kusini ilipata somo hilo kwa gharama kubwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, shughuli za benki na ununuzi wa mtandaoni katika nchi hiyo zilitegemea programu ya nyongeza iliyofanya kazi ndani ya Internet Explorer peke yake. Raia aliyependa kivinjari kingine alilazimika kurudi kwenye hicho kila alipotaka kulipa. Utaratibu wa vyeti vya lazima uliofungamana na mpango huo uliondolewa mwezi Desemba 2020, na tarehe 15 Juni 2022 Internet Explorer chenyewe kilistaafishwa na kampuni yake. Nchi tajiri ilichukua miaka ishirini kujinasua. Chama cha msingi kisicho na akiba kingejinasuaje?

Dawa ya ugonjwa huo ni viwango vya pamoja. Mwaka 1994 Berners-Lee alianzisha shirika la W3C ili liandike kanuni za kurasa. Mwaka 2004 wenye Safari, Firefox na Opera waliunda kikundi cha WHATWG, na tangu mwaka 2019 pande hizo mbili zimekubaliana kwamba kiwango cha HTML kitunzwe na WHATWG. Mkulima wa Kagera anaielewa hoja hii bila kuelezwa sana. Mizani zaweza kuwa za kuning'inia au za kioo cha tarakimu, za kiwanda hiki au kile, lakini kilo ni moja, na Wakala wa Vipimo yupo ili kuhakikisha hivyo. Kiwango cha ukurasa ni kilo, na kivinjari ni mizani.

3. Hasara kwa chama: mifano miwili

Mifano ifuatayo ni ya kufundishia tu, lakini kila kosa lililomo laweza kutokea kweli.

Mfano wa tarehe. Katibu anaingiza kahawa ya maganda iliyopokelewa tarehe 3 Julai. Ukurasa una sanduku la tarehe. Namna sanduku hilo linavyoonekana hutegemea kivinjari na lugha iliyochaguliwa humo. Kivinjari kilichowekwa Kiingereza cha Marekani hutanguliza mwezi, kisha siku. Katibu anaandika 03 halafu 07 kama alivyozoea, na kumbukumbu inasema tarehe 7 Machi, yaani kabla msimu haujafunguliwa. Kama angeandika tarehe 25 Julai kosa lingejulikana upesi, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Lakini tarehe za kuanzia 1 mpaka 12 hupita bila kelele. Mkaguzi anapolinganisha kumbukumbu na kitabu cha stakabadhi, anakuta mzigo uliopokelewa katika mwezi usio na mapokezi. Malipo yanazuiwa hadi maelezo yapatikane.

Mfano wa mkato. Mzigo una kilo 1,250. Kivinjari kipya, kikitambua kwamba sanduku ni la namba, hukataa mkato au hudai namba isahihishwe. Kivinjari cha kale kisichotambua sanduku la namba hukubali chochote kinachoandikwa. Kisha programu ya ukurasa, kama fundi hakuwa mwangalifu, husoma tarakimu mpaka inapofika kwenye mkato, na hapo husimama. Inabaki na 1. Kwa bei ya mfano ya shilingi 4,000 kwa kilo, hesabu ni hii:

Mzigo halisi: 1,250 × 4,000 = shilingi 5,000,000
Mzigo uliosomwa: 1 × 4,000 = shilingi 4,000
Upungufu: shilingi 4,996,000

Hakuna mwizi aliyeingia ghalani. Hata hivyo katibu ndiye atakayesimamishwa mbele ya mkutano mkuu aeleze fedha zilikokwenda.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana katika daftari. Malipo yanapochelewa, mkulima mwenye mtoto wa kulipiwa shule au mgonjwa wa kupelekwa Rubya hasubiri ukurasa utengenezwe. Huenda kwa mlanguzi na kuuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Hiyo ndiyo butura, ambayo wakulima wa Bukoba na Muleba wameijua kwa vizazi. Ushirika ulijengwa ili kumwokoa mkulima na butura. Ni aibu ikiwa kitufe kisichoonekana kwenye simu ndicho kitakachomrudisha huko.

4. Masharti ya kumpa fundi

Chama kinapomwagiza seremala meza, hutaja urefu na aina ya mti. Kinapomwagiza fundi tovuti, aghalabu husema "tutengenezee kitu kizuri" na kunyamaza. Yafaa mkataba utaje mambo haya saba.

(a) Kazi ya lazima ifanyike kwa maagizo ya msingi. Mjenzi wa msonge husimamisha nguzo kwanza, nyasi na mapambo hufuata. Kadhalika fundi aanze na HTML iliyo safi, ili hata kivinjari dhaifu kiweze kusoma bei na kutuma fomu. Urembo uongezwe juu yake kwa vivinjari vinavyouweza.

(b) Ukurasa uulize uwezo wa kivinjari, usiulize jina lake. Majina hudanganya. Kwa sababu za kihistoria, vivinjari karibu vyote vinapojitambulisha huanza na neno "Mozilla". Fundi anayewafungia wageni mlango kwa kuangalia majina atawafukuza hata waliostahili kuingia.

(c) Ukurasa ufuate upana wa kioo. Njia ya kutengeneza ukurasa unaojipanga upya kulingana na kioo ilielezwa na Mmarekani Ethan Marcotte mwaka 2010, na leo hakuna fundi mwenye udhuru wa kutoijua. Wanachama wengi wana simu, si kompyuta.

(d) Tarehe igawanywe sehemu tatu: siku, mwezi kwa jina lake, na mwaka. Neno "Julai" haliwezi kusomwa kuwa Machi. Kwenye sanduku la kilo uandikwe mfano wa namna ya kujaza, na programu ijue la kufanya inapokuta mkato.

(e) Hesabu na hakiki zifanywe pia kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza kumbukumbu, zisiachiwe kivinjari peke yake. Kivinjari ni kama karani wa kupokea mzigo. Mwenye ghala hana budi kupima tena.

(f) Ukurasa uwe mwepesi. Picha kubwa ya mkahawa unaochanua yapendeza, lakini yaweza kummalizia bando mwanachama aliye kisiwani Bumbire au Goziba kabla hajaiona bei.

(g) Ukurasa uchapike vizuri kwenye karatasi. Sababu itaelezwa mwishoni.

5. Jaribio kabla ya malipo ya mwisho

Fundi akisema "kwangu unafunguka", jibu hilo halitoshi. Kamati iteue watu watano wenye vifaa tofauti: kompyuta yenye Edge, kompyuta yenye Firefox, simu ya bei nafuu yenye Chrome, simu yenye Opera Mini, na iPhone yenye Safari, hata kama ni ya kuazima kwa saa moja. Kila mtu afanye kazi zilezile kwa mpangilio uleule: kuingia, kusoma bei, kuingiza mzigo wa kilo 1,250 wa tarehe 3 Julai, kutuma, kisha kuchapa stakabadhi.

Baada ya hapo waongeze majaribio matatu. Kwanza, wakuze maandishi kama afanyavyo mzee asiyeona vizuri, waone kama kitufe bado kipo. Pili, waulaze mkao wa simu ubavu. Tatu, wakate mtandao katikati ya kujaza fomu, kisha waurudishe, waone kama yaliyoandikwa yamepotea au mzigo umeingia mara mbili.

Matokeo yaandikwe katika jedwali lenye safu tano, moja kwa kila kifaa, na kila aliyejaribu atie sahihi. Si lazima kurasa zifanane kwa sura. Simu ndogo haiwezi kuonyesha kama kompyuta kubwa. La lazima ni kwamba kazi ikamilike na namba ziwe zilezile kote. Pale zisipolingana, kazi bado haijaisha, na malipo ya mwisho yasubiri.

6. Ukurasa unapogoma

Katibu aliye kituoni, na foleni ya wakulima mlangoni, hawezi kumngoja fundi. Afanye yafuatayo kwa mfuatano:

Kwanza, atazame tarehe na saa ya simu. Simu yenye tarehe isiyo sahihi hukataa kurasa salama, ikidai cheti chake hakifai.

Pili, aangalie kama kivinjari kimesasishwa. Kompyuta nyingi za zamani zinaendeshwa na Windows 7, ambayo Chrome iliacha kuipelekea matoleo mapya mwanzoni mwa mwaka 2023.

Tatu, ajaribu kivinjari kingine katika kifaa kilekile. Ukurasa ukifunguka, amekwisha kujua kwamba mtandao si tatizo.

Nne, asibonyeze "tuma" mara nyingi. Aangalie kwanza orodha ya mizigo kama uliotumwa umefika.

Tano, akilazimika kwenda kwenye duka la steshenari, asimpe mhudumu nenosiri, wala asiruhusu kivinjari cha pale kulihifadhi. Akimaliza aondoke kabisa katika mfumo.

Sita, aandike taarifa ya kosa: siku na saa, aina ya simu au kompyuta, jina na toleo la kivinjari, alichokuwa akifanya, na maneno yaliyotokea kwenye kioo. Taarifa isemayo "mfumo unasumbua" haimsaidii fundi. Taarifa yenye mambo hayo humwonyesha pa kuanzia.

Wakati wote huo kitabu cha stakabadhi kiendelee kuandikwa. Kitabu hakihitaji kivinjari.

7. Mwanachama asiye na kivinjari

Kuanzia siku za Rochdale mwaka 1844 hadi kanuni saba zilizokubaliwa na vyama vya ushirika ulimwenguni mwaka 1995, mlango wa ushirika umekuwa wazi kwa kila anayestahili. Ukurasa unaofunguka kwa mwenye simu ya gharama tu umeuziba mlango huo, ingawa hakuna mkutano uliopiga kura kuuziba. Ichukuliwe kwamba chama kina wanachama 300. Kuwaambia wote wabadilishe simu haiwezekani, ilhali kuurekebisha ukurasa ni kazi ya fundi mmoja.

Hata baada ya marekebisho yote watabaki wenye simu za vitufe, na wasio na simu kabisa. Ndiyo maana sharti la saba ladai ukurasa uchapike. Bei ya mnada, kilo zilizopokelewa na orodha ya malipo vichapwe na kubandikwa kwenye ubao wa ghala, mahali ambapo bibi aliyeleta debe moja la maganda aweza kumwomba mjukuu amsomee. Anachosomewa hapo na kinachoonekana kwenye kompyuta ya mhasibu mjini Bukoba vikiwa kitu kimoja, ukurasa umetimiza kazi yake.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Taja vivinjari vinavyotumiwa na wajumbe wa kamati yenu. Ni vingapi, na vya matoleo gani?

2. Kwa nini kivinjari kinachoruka agizo kimyakimya ni hatari kuliko kinachotoa onyo?

3. Mzigo wa kilo 2,340 umesomwa kuwa kilo 2. Kwa bei ya mfano ya shilingi 4,000, upungufu ni kiasi gani? Mngeugunduaje kabla ya siku ya malipo?

4. Fundi anasema kujaribu katika vifaa vitano kutaongeza gharama. Kamati imjibu nini?

5. Ni habari zipi za chama chenu zinazopaswa kubandikwa ubaoni hata kama zimo mtandaoni?

6. Andikeni taarifa moja ya kosa kwa kufuata mambo yaliyotajwa katika sehemu ya 6, kisha mpeni mtu asiyekuwapo aisome. Je, ameelewa kilichotokea bila kuuliza swali?